Mtakatifu Vincent de Paul na Wagonjwa Wasiotoka Nyumbani

Upande wa kusini wa Ufaransa, karibu na mji wa Dax, kulikuwa na kijiji kiitwacho Pouy. Huko, mwaka 1581, Jean de Paul na mkewe Bertrande de Moras walimzaa mtoto wao wa tatu, naye akabatizwa kwa jina la Vincent. Watu wale walikuwa wakulima. Hawakulala njaa, lakini mali hawakuwa nayo. Watoto walikuwa sita, kila mmoja na kazi yake, na kazi ya Vincent ilikuwa kuchunga kondoo na nguruwe.

Baba aliona ya kuwa mtoto huyu ana akili, akampeleka shuleni Dax. Lakini mzee huyo alikuwa akichechemea, na nguo zake zilikuwa nguo za shamba. Vincent alipotembea naye mjini aliona haya kumwita baba. Siku moja akaletewa habari kwamba baba yake amefika shuleni na anataka kumwona, naye akakataa kutoka kuongea naye. Kisa hiki hakikuenezwa na adui zake. Ni yeye mwenyewe aliyekisimulia katika uzee wake, mbele ya mapadri wenziwe, na kwa uchungu mwingi. Yafaa kukikumbuka, kwa sababu mtu ambaye Eklezya yote inamheshimu kuwa baba wa maskini na vilema alianza kwa kumkana baba yake kilema. Mzee yule hata hivyo hakumwacha mtoto wake: aliuza ng'ombe wawili wa kulimia ili Vincent apate kusoma Toulouse.

Vincent akapata upadri mwaka 1600, akiwa kijana wa miaka 19 tu, kabla ya umri uliowekwa na sheria ya Eklezya. Nia yake siku zile haikuwa mbaya, wala haikuwa kubwa. Alitafuta mahali pa cheo penye mapato mema, ili awasaidie jamaa zake na baadaye akae kwa raha. Mwaka 1608 akafika Paris, mji mkuu wa Ufaransa, akitafuta hayo. Mungu hakumpa. Alimpa mambo mengine, polepole: urafiki na mapadri watakatifu, parokia ya Clichy mwaka 1612, ambako aliwapenda watu na watu wakampenda, kisha kazi ya kuwafundisha watoto katika nyumba ya mabwana wakubwa wa ukoo wa Gondi.

Ndipo ukaja mwaka 1617. Mwezi wa Januari aliitwa kwa mkulima mmoja wa kijiji cha Gannes aliyekuwa karibu kufa. Mtu huyo alisifiwa na jirani zake wote kuwa mwema. Kumbe kwa miaka mingi aliona haya, akaficha dhambi kubwa kila alipoungama. Vincent akamsaidia kuungama maisha yake yote, na yule mkulima akafa katika furaha. Tangu hapo padri huyu hakuwa na raha tena katika nyumba za mabwana. Alifahamu kwamba watu wa mashamba wanaishi na kufa bila mtu wa kuwaangalia. Akaiacha nyumba ya Gondi, akaenda kuwa paroko wa Châtillon-les-Dombes, mji mdogo ulio mbali na Paris.

Mwaka ule, tarehe 20 Agosti ilikuwa siku ya Bwana. Padri alikuwa akivaa mavazi ya Misa Takatifu, na bibi mmoja wa parokia akamjia na habari. Nje ya mji, katika nyumba moja iliyojitenga na nyumba nyingine, watu wote walikuwa wagonjwa, wala hakubaki hata mmoja mwenye nguvu ya kumpa mwenzake maji. Hawakuwa na chakula, wala dawa, wala jirani. Habari hii ikamchoma Vincent moyoni. Alipofika kwenye mahubiri aliyaacha yale aliyokuwa ameyatayarisha, akawaeleza Wakristu shida ya nyumba ile.

Baada ya sala za alasiri yeye naye akashika njia pamoja na mtu mmoja wa mji, waende kuwatazama wagonjwa. Walipokuwa wakienda wakastaajabu. Njia ilijaa wanawake. Wengine walikuwa wakienda, wamebeba vikapu vya mikate na nyama, wengine walikuwa wakirudi, na kwa kuwa jua la mwezi ule ni kali katika nchi ile, wengine walikaa kando ya njia wakipumzika. Mtu angedhani ni maandamano ya sikukuu. Vincent akaingia katika nyumba ile, akawaungamisha wagonjwa, akawapatia Komunyo Takatifu.

Padri mwingine angerudi nyumbani akimshukuru Mungu na kulala usingizi mzuri. Wakristu wake wamesikia mahubiri na kuyatenda siku ile ile. Kuna furaha gani nyingine kwa paroko? Lakini Vincent alikuwa mtoto wa wakulima, akijua nyama inakaa siku ngapi wakati wa joto. Chakula kilicholetwa siku ile kilikuwa kingi kuliko matumbo ya wagonjwa. Sehemu yake kubwa ingeoza. Na baada ya siku chache, wale watu wenye vikapu wangekuwa wamerudia kazi zao, na wagonjwa wangekuwa na njaa kama kwanza. Jambo hili linajulikana katika kila nchi. Siku ya kwanza ya ugonjwa nyumba hujaa watu hata hakuna pa kukaa. Siku ya arobaini mgonjwa husikia tu hatua za wanaopita njiani.

Vincent akaona ya kuwa mapendo yalikuwapo Châtillon, tena mengi. Kilichokosekana ni utaratibu. Mapendo ya siku moja yalikuwa kama mvua kubwa inayoshuka usiku mmoja na kupita, ikichukua udongo wa shamba. Na wagonjwa walihitaji mvua ndogo ya kila siku.

Siku tatu tu baadaye, tarehe 23 Agosti, akawakusanya wanawake kadha wa parokia. Wengine walikuwa matajiri, wengine watu wa kawaida. Wakakubaliana kwamba kila mmoja atakuwa na siku yake, akimaliza yeye ashike mwingine, na mgonjwa maskini asikose mtu hata siku moja. Ushirika huu ukaitwa Ushirika wa Mapendo. Mwezi wa Novemba wakubwa wa Eklezya wakakubali kanuni zake, na tarehe 8 Desemba, sikukuu ya Bikira Maria, ukasimikwa kwa heshima. Vincent hakutaka ushirika mkubwa wa majina mengi katika kitabu. Wanawake 20 walitosha. Wakachagua mmoja wao wa kuwaongoza na mwingine wa kutunza fedha.

Kanuni zile Vincent aliziandika mwenyewe, na karatasi yake imehifadhiwa mpaka sasa. Msomaji anayetazamia kukuta humo mafundisho marefu juu ya mapendo atashangaa, kwa maana mengi yaliyomo ni habari za mkate, supu, kitambaa na kijiko. Mwanamke mwenye zamu apike chakula kwake, akibebe mwenyewe mpaka kwa mgonjwa. Akifika, kwanza amsalimu kwa uso wa furaha. Atengeneze meza ndogo kitandani, atandike kitambaa safi, aweke kikombe, kijiko na mkate. Amnawishe mgonjwa mikono, asali naye sala ya kabla ya chakula. Ndipo amtilie supu katika bakuli na nyama katika sahani, na kama mgonjwa hawezi, amkatie nyama na kumnywesha. Wale wasioweza chakula kigumu wapewe mchuzi, uji wa shayiri na mayai, tena mara kadha kwa siku. Wazee wetu husema mgonjwa haulizwi uji, kwa maana apewe tu bila kungoja aombe. Vincent angekubali, ila angeongeza kwamba apewe kwa kubembelezwa, kama vile mama ambembelezavyo mwanawe, au zaidi ya hapo, kama mtu amwandaliaye Yezu Kristu mwenyewe. Na kama mgonjwa amejaa huzuni, mwanamke yule atafute neno la kumchangamsha.

Kisha linafuata agizo moja dogo ambalo laweza kumpita msomaji asiye makini. Mwenye zamu aanze kwa mgonjwa aliye na mtu wa kukaa naye. Aliye peke yake amwache awe wa mwisho.

Kwa mara ya kwanza neno hili laonekana kugeuza mambo juu chini. Nani asingemkimbilia kwanza yule mwenye taabu kuliko wote? Lakini Vincent alitaja sababu yake. Aliyemtembelea mgonjwa wa kwanza bado ana nyumba nyingine za kuzungukia. Chakula kinapoa, naye hutazama jua huku akiongea. Aliyefika kwa mgonjwa wa mwisho amekwisha kazi. Hana haraka tena. Aweza kuketi, kusikiliza masimulizi yale yale aliyoyasikia jana, na kutoondoka mpaka mzee apate usingizi. Mwenye jamaa nyumbani huhitaji chakula kuliko maneno. Aliye peke yake anahitaji vyote viwili. Ushirika uliweka pia wanawake wawili maskini wenye sifa njema, wakilipwa mshahara, wawalinde wale wasioweza kujigeuza kitandani na wasio na mtu. Na mgonjwa akifa, wanawake wa Ushirika waufuate mwili wake kaburini, wakichukua nafasi ya mama mwenye kumzika mtoto wake.

Vincent hakukaa Châtillon muda mrefu. Kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa amerudi Paris, kwa kuwa nyumba ya Gondi haikuacha kumsihi. Lakini kila mahali alipokwenda kuhubiri mashambani aliacha nyuma yake Ushirika wa Mapendo. Mwaka 1625 akaanzisha shirika la mapadri wa Misioni, wale waitwao Walazaristi, kwa jina la nyumba yao kubwa ya Paris, Saint-Lazare, ambayo zamani ilikuwa nyumba ya wakoma.

Shirika moja likawa mengi, na mambo yaliyo mengi hayakosi kuharibika. Vincent alihitaji mtu wa kuyazungukia. Mungu akamletea mjane mmoja aitwaye Louise de Marillac, aliyezaliwa mwaka 1591. Alikuwa mwanamke mwenye elimu na afya dhaifu, aliyekuwa amehangaika sana rohoni. Tangu mwaka 1629 Louise akawa akisafiri kutoka kijiji mpaka kijiji, akiwa na nguo na dawa za maskini. Alitazama kama wagonjwa wanapikiwa kweli, kama fedha imetunzwa, kama zamu hazikusahauliwa. Jioni aliwafundisha wasichana wa kijiji katekisimu.

Vijijini kazi ilikwenda vema. Paris ikaharibika. Mabibi wakubwa wa mji walijiunga kwa moyo, na wengi wao walikuwa watu wa kusali kweli. Lakini Paris haikuwa Châtillon. Mgonjwa alikaa ghorofani katika chumba cha giza chenye harufu, na waume waliogopa wake zao wasilete tauni nyumbani. Basi bibi alilipa chakula, na mtumishi wake akakipeleka. Mtumishi naye hakuchagua kazi hiyo. Alitua bakuli mlangoni, akaondoka. Chakula kilifika, lakini mtu hakufika. Tusiwahukumu mabibi wale kwa ukali kupita kiasi, kwa maana tauni ya siku zile iliua kweli. Lakini Vincent aliona kwamba roho ya Châtillon inatoka.

Msaada haukutoka kwa wakubwa. Mwaka 1630 alikuja kwake msichana wa shamba, mchungaji wa ng'ombe kutoka Suresnes, jina lake Marguerite Naseau. Hakuenda shule hata siku moja. Alinunua kitabu cha herufi, akakibeba malishoni, na kila alipopita mtu aliyeonekana kujua kusoma akamwuliza maana ya herufi hii na ile. Hivyo alijua kusoma, akawafundisha wasichana wengine. Aliposikia kuna kazi ya kuwahudumia wagonjwa maskini wa Paris katika nyumba zao, akaomba apewe kazi ile ambayo mabibi waliiachia watumishi. Aliifanya kwa furaha, na wengine wakamfuata. Mwaka 1633 alimlaza katika kitanda chake mwenyewe mwanamke mgonjwa wa tauni ambaye hakuwa na pa kulala. Tauni ikamshika yeye naye, akafa.

Tarehe 29 Novemba mwaka ule ule Louise aliwapokea wasichana wachache wa namna hiyo katika nyumba yake. Ndio mwanzo wa Mabinti wa Mapendo. Mpaka siku zile masista waliishi ndani ya kuta za monasteri, wala hawakutoka. Vincent akawafundisha kwamba monasteri yao ni nyumba za wagonjwa, kanisa lao ni kanisa la parokia, na ua wao ni njia za mji. Akawaambia pia kwamba sista akiwa katika sala, na mgonjwa akamwita, aache sala bila wasiwasi aende, kwa maana hapo anamwacha Mungu kwa ajili ya Mungu.

Wazee nao walipata sehemu yao. Mwaka 1653 mfanyabiashara mmoja wa Paris alimletea Vincent fedha nyingi sana, livre 100,000, kwa sharti moja tu, kwamba jina lake lisijulikane. Kwa fedha hizo Vincent na Louise wakafungua nyumba ya Jina la Yezu, wakapokea humo wazee 40, wanaume 20 na wanawake 20, mafundi waliokuwa hawawezi tena kujilisha. Walipewa chakula na kitanda, na tena walipewa vyombo vya kufumia na vya ufundi wao, kila mzee afanye kazi kadiri ya nguvu zake. Louise alijua kwamba mzee asiyeombwa kitu chochote hufa upesi kuliko mwenye njaa. Vincent mwenyewe alikwenda kuwafundisha katekisimu.

Siku zile yeye naye alikuwa mzee. Miguu yake, iliyokuwa ikimwuma kwa miaka mingi, ikavimba na kutoka vidonda. Tangu mwaka 1649 alilazimishwa kutumia gari dogo la farasi, naye aliliita aibu yake, akaona kwamba mtoto wa wakulima hastahili gari. Akalifanya gari la maskini. Akikuta mzee au mgonjwa njiani humpandisha. Kisha gari nalo likawa halifai. Katika miaka miwili ya mwisho hakutoka tena Saint-Lazare. Alijikokota kwa magongo mpaka kapela, na katika wiki za mwisho ndugu zake walimbeba katika kiti.

Ndipo likamfikia jaribu ambalo huenda lilikuwa chungu kuliko vidonda. Mwanzoni mwa mwaka 1660 Louise de Marillac akaugua. Nyumba ya Mabinti wa Mapendo ilikuwa ng'ambo ya njia, ikitazamana na Saint-Lazare. Mtu mzima angevuka kwa hatua chache. Kwa miaka zaidi ya 30 Vincent alikuwa amewatuma watu maelfu waende kuketi kando ya vitanda vya wagonjwa, na sasa rafiki yake aliyechukua mzigo wote pamoja naye yuko karibu kufa, naye hawezi kuvuka njia. Louise alijua ya kuwa hataweza kuja. Akaomba angalau maneno machache yaliyoandikwa kwa mkono wake. Vincent hakuandika. Badala yake alimtuma padri mmoja, amwambie kwamba yeye anatangulia, na kwamba Vincent anatumaini kumwona karibuni mbinguni.

Watu wengine waliosoma habari hii wameona kwamba Vincent alikuwa mkali. Wengine wamesema alitaka moyo wa Louise, wakati wa kufa, usitegemee faraja nyingine ila Mungu peke yake. Hakika ni kwamba Louise hakulalamika. Akafariki tarehe 15 Machi 1660, na masista wake walikuwa pamoja naye. Baadaye Vincent aliwaita mabinti wale Saint-Lazare, akaketi nao, akawauliza mmoja mmoja ni fadhila gani waliziona kwa mama yao, akawasikiliza.

Yeye alibaki miezi sita. Mwezi wa Septemba hakuweza tena kulala kitandani. Usiku wa tarehe 26 walimkalisha katika kiti karibu na moto, amevaa nguo zake, nao wakakesha kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anashika, kama ilivyoandikwa katika kanuni za Châtillon. Alfajiri ya tarehe 27, saa kumi na moja kasorobo, saa ambayo kwa miaka mingi alikuwa amekwisha kuamka na kupiga magoti, Vincent alikata roho akiwa ameketi katika kiti kile, na kando yake walikuwapo watu.